Safari ya Ngwasha

Nyuma ya jokofu la watu aliishi panya, Bi Mwanaidi, na wanawe wawili. Mkubwa, Ngwasha, alikuwa bingwa wa kutafuna, hata siku moja akatafuna waya wa umeme, akafa papo hapo.

Mdogo wake, Chonge, akauliza, "Mama, kaka yuko wapi?"

Bi Mwanaidi akashindwa kulitamka neno kifo. "Kaingia ndani ya waya, mwanangu. Kasafiri."

Basi Chonge akawa kila siku anamuulizia kaka yake, na mama, ambaye naye alikuwa na hamu ya kumwona mwanawe, akawa anarudia jibu lile lile.

Asubuhi moja Bi Mwanaidi alirudi na kipande cha muhogo, akamkuta Chonge ameukaribia waya, kinywa wazi. Akauangusha muhogo, akamvuta mtoto mkia, wakabingirika wote wawili.

"Niache, mama!" Chonge akalia. "Nautoboa nimfuate kaka!"

Bi Mwanaidi akamshikilia. Uongo alioutunga kwa huruma ulitaka kumpokonya na huyu wa pili.

"Hakusafiri," akasema. "Ndani ya waya mna moto usioonekana. Aliutafuna, ukamuua. Hatarudi, Chonge, na mimi nina hamu naye kama wewe."

Wakakumbatiana, wakalia mpaka wakachoka. Tangu hapo Chonge hakuusogelea waya tena. Na hamu ya kumwona Ngwasha haikuisha, ila sasa Bi Mwanaidi alikuwa na mwenzake wa kumlilia naye.