Ganzi ya Fundi

Damu ilionekana kwenye gauni jeupe kabla fundi hajajua kuwa amejichoma. Alikigeuza kidole huku na huku. Sindano ilikuwa imezama kando ya ukucha na mwenyewe hana habari.

Aliichomoa, akatafuna kipande cha uzi mpaka kikalowa mate, akalisugua doa kwacho. Mafundi wanajua kwamba damu yako hutolewa na mate yako. Doa likatoka. Alipaswa kushtuka, lakini alichosikia ni uchovu tu, kama mtu anayesimuliwa msiba wa watu asiowajua.

"Umejichoma tena," dada yake alisema kutoka mlangoni. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na kila akitoka kazini alipitia kwa mdogo wake huku bado ananuka vitunguu. "Na miguu je?"

"Miguu ipo."

"Ipo, naiona. Unaisikia?"

Fundi alijitia kutafuta mkasi. Asubuhi ile alitoka bafuni na ndara moja, nyingine akaiacha huko, na hakutambua mpaka alipotazama chini.

Hakuwa amekula kitu kilichopita motoni kwa miaka. Nyama hakuigusa, wala yai, wala maziwa. Alianza kabla hata ya kuolewa, kwa ajili ya mgongo uliokuwa ukimtesa kwenye cherehani. Alikula mboga na matunda mabichi, mgongo ukatulia, ngozi ikang'aa, basi akanogewa. Jiko lake la gesi alimgawia dada yake. Mimba ilipoingia hakubadili kitu, na alipojifungua alizidi kushika msimamo.

"Sungura mwenyewe hashoni nguo," dada alisema.

"Dada, usinianze."

"Nikuanze nini? Kula majani yako, mimi sina ugomvi na majani. Lakini nenda ukapimwe, mdogo wangu. Vidole hivyo ndivyo vinavyokulisha. Vikifa, utashona na nini?"

"Kama chakula changu kibaya, mbona mtoto yuko hivi?"

Wote wawili wakainama kutazama chini ya meza ya kukatia. Mtoto alikuwa amelala chali juu ya vipande vya vitambaa, macho wazi, katulia tuli. Alikuwa ananyonya tu. Uji na matunda alivitema. Zamani alikuwa mtundu kwelikweli. Akiketi tu, utepe wa kupimia hauna usalama, na ukimnyang'anya anafoka mpaka mteja anasahau alichokuja kupima. Siku hizi aliacha fujo zote hizo. Utepe ungeweza kushinda ubavuni pake asiuguse. Wateja walimsifu kwa adabu yake, na mmoja aliomba wabadilishane watoto.

"Hapo sina la kusema," dada alikubali. "Wangu walilia mpaka jirani akahama."

Kwa hiyo fundi hakwenda kupimwa. Alikwenda siku wenyewe walipokuja kulichukua lile gauni jeupe.

Alikuwa akilipiga pasi pindo. Mama wa bibi harusi alishaketi kwenye kiti cha wateja, anapepea uso kwa mkoba. Fundi akasikia harufu ya kuungua, akalinyanyua gauni haraka, akalikagua pande zote. Lilikuwa zima.

"Fundi!" yule mama alipiga kelele. "Mkono wako!"

Ubavu wa kiganja ulikuwa umeegemea pasi. Ngozi ilishaanza kujikunja. Fundi aliuondoa mkono taratibu, akautazama, akangoja uume. Haukuuma. Aliogopa kidogo tu, na ule uchache wa hofu ndio uliomtoa nyumbani. Alimfunga mtoto mgongoni, akampigia dada yake simu, wakaenda hospitali.

Daktari alimfunga kidonda, kisha akamwambia afumbe macho, akampitishia pamba kwenye vidole vya miguu kimoja kimoja.

"Nimegusa kipi?"

"Bado hujaanza," fundi alisema.

Dada aligeuza uso ukutani.

Walichukua damu. Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma, kisha akavua miwani.

"Vitamini B12 imekuishia. Haimo kwenye mboga wala matunda, uyale mabichi au uyapike. Mwili huweka akiba, na wewe akiba yako umeimaliza. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoumia."

Fundi alitazama mikono yake. "Nitaacha kushona?"

"Si lazima. Tukianza sindano leo, vidole vina nafasi nzuri ya kurudi. Na mboga zako endelea nazo ukipenda, mradi vitamini hii usiikose tena maisha yako yote."

Fundi alishusha pumzi. Alifurahi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu furaha ilimfika hasa, ikamjaa kifuani mpaka akacheka. Dada naye alicheka huku anafuta macho kwa kanga. "Sungura wangu atashona," alisema.

Ili achomwe sindano, fundi alimfungua mtoto mgongoni na kumlaza kitandani.

"Wala hatakusumbua, daktari," alisema akipandisha mkono wa blauzi. "Huyu halii kabisa."

Daktari alikuwa ameshaishika sindano. Alimtupia mtoto jicho, akataka kuendelea na kazi, kisha akamtazama tena. Akapiga kofi karibu na uso wake. Akamshika mikono yote miwili, akamvuta aketi. Mwili ulikuja, kichwa kikabaki nyuma.

"Anakula nini?"

"Maziwa yangu tu," fundi alisema kwa fahari. "Hajui kingine."

Daktari akaiweka sindano mezani.

"Mama," aliuliza, "huyu mtoto alitabasamu lini mara ya mwisho?"