Cherehani Mahakamani

Ngoma za kampeni zilianza kulia uwanjani saa nane mchana, na wakili Sudi Makame, aliyekuwa akigombea kiti cha baraza la mji, bado alikuwa mahakamani akimtetea Bi Tunu, mshona nguo.

"Wakili, watu wako wanakungoja," hakimu alisema. "Tuahirishe kesi hadi mwezi ujao?"

Sudi alimtazama Bi Tunu. Mwezi mzima cherehani yake ikishikiliwa mahakamani, mama huyu angekula nini?

"Tuendelee, mheshimiwa."

Akamgeukia mlalamikaji, bwana mnene aliyedai kwamba cherehani ile iliyowekwa mezani ni yake na ameshona nayo miaka mitatu.

"Hebu itie uzi, bwana, tuone."

Yule bwana akaulamba uzi, akauzungusha huku na kule, jasho likamtiririka. Mara vicheko vikasikika. Wafuasi wa Sudi, waliochoka kungoja uwanjani, walikuwa wamejazana madirishani na ngoma zao.

"Bi Tunu, msaidie mwenzio," Sudi akasema.

Mama akainuka, akapitisha uzi kufumba na kufumbua, gurudumu likaanza kuimba. Hakimu alitabasamu kabla hata ya kutoa hukumu.

Nje, Sudi alisimama ngazini, akavua kofia, akasafisha koo. "Ndugu zangu wananchi…"

Lakini Bi Tunu alikuwa ameshatoka, cherehani kichwani. Umati ukampisha. Mpiga ngoma mmoja akamfuata, kisha wa pili, kisha wote wakashika njia ya kwake wakiimba, na wakili akabaki ngazini akicheka, asijue kama ahutubie au awakimbilie.