Kahawa ya Mushumbusi

Siku ya tatu sasa Kokushubila alikuwa akizunguka na kipande cha karatasi ngumu, na neno lililochapwa juu yake lilikuwa bado halijamwambia kitu: SPRING.

Mchumba wake Mushumbusi alikituma kwa meli kutoka Kampala, kimefungia punje saba za kahawa ya kutafuna. Kesho, Jumapili, baba yake, mzee Karugendo, angemwoza kwa Lwakatare, isipokuwa kama Mushumbusi angekuwa amesema anakuja lini kuoa.

Kokushubila aliishia darasa la tatu. Herufi alizijua, Kiingereza hakukijua. Aliona haya kuuliza, lakini aliuliza. Na kwa kuwa mtu hamsumbui mwenzake kwa mikono mitupu, kila aliyemwendea alimfungulia fundo la kanga na kumpa punje mbili atafune.

Thakorbhai, mwenye duka mjini Bukoba, alitafuna akacheka. Ni waya wa kitanda, alisema, ule unaokurusha. "Bwana wako ananunua kitanda, dada. Wewe unalia nini?"

Penina, mke wa mchungaji, alisema ni chemchemi.

Mwalimu Ishengoma wa Kahororo alitafuna taratibu kuliko wote. Ni majira ya Wazungu, baridi inapokwisha. Akaeleza na asili ya neno: hapo zamani lilimaanisha kuruka tu. Maji huruka kutoka ardhini, waya huruka ukiuachia, na majani huruka kutoka udongoni.

"Basi anaruka kuja?" aliuliza Kokushubila.

"Labda. Lakini lini, haikuandikwa."

Alirudi nyumbani Kaagya kwa miguu, amekasirika. Neno moja, maana nne, na hakuna hata moja yenye tarehe. Na Mushumbusi mwenyewe hajui kuandika hata jina lake. Kwa nini asitafute mtu wa kumwandikia Kihaya?

Baba yake alikuwa uani, ndiyo kwanza amerudi kutoka Ngenge. Alisikiliza habari yote ya kitanda na chemchemi, akachukua kile kipande, akakitupa migombani.

"Hicho ni cha kufungia tu. Tulipatana naye siku ile ya posa, kwenye pombe: punje moja ya kahawa, mwezi mmoja wa kumngoja. Zikizidi tatu, namkubalia Lwakatare. Ziko wapi?"

Kokushubila alilifungua fundo la kanga polepole, akamnyooshea baba yake kiganja chenye punje moja iliyobaki.

"Ndiyo hii, tata."