Maandishi Chini ya Kidevu cha Godelieve

Godelieve alivua ndala, akairusha kwenye televisheni. Ilimkosa mtangazaji, ikaangusha chungu cha maua.

Pale kwenye kioo, kando ya mtangazaji, alikuwa yeye mwenyewe, katikati ya shamba lao la hopsi, maua ya kutia uchungu kwenye bia, karibu na Poperinge, magharibi mwa Ubelgiji, akieleza mavuno kwa lahaja ya kwao. Chini ya kidevu chake yalipita maandishi: kila alichosema, kimegeuzwa Kiholanzi cha vitabuni. Mkulima wa Antwerpen aliyemtangulia, naye mmeza maneno wa kutupwa, hakuandikiwa hata nukta.

"Yeye g anaikwaruza kooni kama anataka kutema, basi ni mwenzao," alifoka. "Sisi tukiipuliza ikatoka h, tumekuwa wageni."

Aliyemuudhi zaidi ni mumewe. Cyriel alikuwa amezeekea kwenye ngurumo za mafeni ya kukaushia hopsi, na huu mwaka wa tatu amekuwa gogo. Umwambie supu tayari, umwambie ghala linaungua, jibu ni "mm" tu. Leo, mbele ya aibu hii, kaganda puani mwa televisheni anacheka! Godelieve wa kwenye kioo aliposema bila mzee wake shamba lingekuwa magugu matupu, Cyriel alifuta macho, akamshika mkono.

Godelieve aliunyofoa. "Unafurahi nikidhalilishwa?"

"Mm."

Asubuhi alipiga simu kituoni. Alipitishwa kwa watu watano, na kila mmoja alimwomba arudie alichosema. Kufika kwa wa sita, simu yenyewe ilikuwa imepata moto.

"Jumapili mnarudia kipindi," alimwambia. "Nikiona herufi moja chini ya kidevu changu, nakuja huko Brussels na trekta."

Wakakubali.

Jumapili baada ya misa hakuvua hata gauni la kanisani. Alimketisha Cyriel mbele, akafungulia sauti hadi vikombe vikacheza kabatini. Chini ya kidevu chake hapakuwa na hata herufi. Maneno yake yakajaa nyumba nzima, kila h ikiwa mahali pake. Godelieve alimgeukia mumewe, kidevu juu.

Cyriel alivaa miwani. Akasogeza kiti, akafuta sehemu ya chini ya kioo kwa mkono wa shati, akangoja. Kisha akageuka, uso umemshuka.

"Mama," alisema, "mbona leo hawaniandikii unachosema?"