Kivuli Pembeni mwa Picha

Daktari Nurbanu aliibandika tena picha ya eksirei kwenye taa, ingawa alikwisha kuitazama. Macho yalimwasha. Mwaka ule wa foleni za unga hata filamu za eksirei zilikuwa adimu, na wenzake wengi walikwisha kuhamia Kanada. Yeye alibaki, na foleni ya wagonjwa ikabaki naye.

Nyuma yake, kwenye benchi, walikaa mtu na mkewe kutoka Temeke, Mwishehe na Mauwa.

"Mgongo hauna nafuu, daktari," alisema Mauwa. "Sindano zote zile, vidonge vyote vile. Usiku nyumbani hakulaliki."

Mwishehe, kuli wa bandarini, aliinamisha kichwa tu.

Walikotoka waliambiwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Nurbanu hakukiona. Kifua kikuu hubomoa pingili pamoja na jirani yake. Hapa pingili zilitobokatoboka moja juu, nyingine chini kabisa, za katikati zikarukwa, na mbavu nazo zimeliwa. Mapafu yalikuwa safi. Kitu kilikuwa kikisafiri mifupani, kama saratani ifanyavyo. Kimetoka wapi?

Ndipo akakiona. Pembeni mwa picha, nje ya mbavu, palikuwa na kivuli kidogo kama mbegu ya ubuyu. Wote waliomtangulia walitazama mgongo tu.

Akashusha pumzi, akageuka.

"Kuna uvimbe kwenye titi?"

Mauwa alivuta kanga yake, akamtazama mumewe.

"Daktari," Mwishehe alisema hatimaye, "mambo ya titi ni ya aibu. Hayasemwi mbele za watu."

"Ndugu yangu, aibu haijaua mtu. Huu ugonjwa unaua."

"Mie nilimwambia!" Mauwa alifoka, machozi yakimlenga. "Tangu Ramadhani nimemwambia uvimbe huo tukauonyeshe hospitali. Hataki! Ati majirani watacheka. Tumegombana mpaka nimechoka."

Mwishehe aligeukia ukuta.

"Bado tunaweza kupunguza maumivu," Nurbanu alisema taratibu. "Lakini lazima nilione hilo titi. Leo."

Alivuta pazia, akanawa mikono, akangoja.

Mauwa akapiga magoti mbele ya mumewe, akaanza kumfungua vifungo vya shati.