Mtindo wa Popo

Sufuria kubwa ilikuwa inatokota uani, na kilichokuwa kikizunguka ndani yake kilikuwa na mikono.

Moyo ulimpiga paa fundi makochi pale mlangoni. Kisha binti akachovya mwiko, akainua blauzi ya mtumba iliyokuwa ikichuruzika weusi, akaizamisha tena.

"Chumvi na siki," alisema bila kugeuka. "Bila hivyo rangi haishiki."

"Na hiyo sufuria tutapikia nini tena?"

"Chochote cheusi."

Fundi akacheka. Alikuwa baba wa kambo, na tangu mkewe aende ng'ambo kulea watoto wa watu, walikuwa wamebaki yeye na binti huyu peke yao. Mama alituma meseji kila wiki. Simu hakupiga; meseji zilisema tajiri wake hapendi.

Ni baada ya safari hiyo ndipo binti alipoanza kuvaa nyeusi juu mpaka chini. Mtaani walimbatiza Popo, naye akalipokea jina bila kununa.

Cha dukani hakununua. Alichambua marundo ya mitumba jioni, wauzaji wakiwa wamechoka kupiga kelele, akarudi na mashati yenye madoa, sketi za sare za shule ambazo hakuwahi kusoma, na pazia la lesi lililotafunwa na panya. Kwenye karakana ya Fundi aliokota vipande vya mahameli vilivyobaki kwenye makochi ya matajiri. Lesi ikawa mikono ya gauni. Mahameli ikawa kola ndefu ya kubana shingo. Mnyororo wa mbwa ukawa mkanda, na wembe ukapasua magoti ya suruali nzima kabisa.

"Watu watadhani tuna msiba," Fundi alimwambia siku moja.

"Waambie ni mtindo."

Akawaambia. Jirani alipolalamika kwamba watoto wake wanaogopa kupita pale, Fundi alimtuliza: "Ni mtindo tu, mama. Vijana wa siku hizi!"

Jambo moja tu lilimfanya awe mkali. Popo alitaka kuhamishia sufuria nyuma ya stoo, kwenye kivuli.

"Huko hapana. Nilishasema."

"Sawa, Baba," alijibu Popo, akaendelea kukorogea juani.

Siku moja akaja mama mdogo, ndugu wa mama yake tumbo moja. Alimkuta Popo akishonea lesi kwenye kola, akashika kiuno.

"Na mama yako ameyaona haya?"

"Nilimtumia picha. Amejibu, 'Umependeza sana, mwanangu.'"

"Nani, dada? Dada huyu huyu aliyekuwa hataki hata leso nyeusi iingie ndani kwake?"

"Ng'ambo hubadilisha watu, shemeji," Fundi alisema kutoka kwenye kiti chake.

Popo alikata uzi kwa meno. Akainua macho, akamtazama mama mdogo, na mama mdogo akamtazama yeye, mpaka Fundi akakohoa.

"Basi nishonee na mimi," mama mdogo alisema taratibu.

Fundi alidhani ni utani. Lakini haikupita wiki, akaja mjomba, dereva wa lori, mtu aliyekuwa akiwaita vijana wa namna ile mashetani. Alileta mashati yake meupe mawili, akasimama kando ya sufuria kuyatazama yakizama. Baada yake wakaja binamu. Mwisho akaletwa bibi, mama mzaa mama, ambaye kwa miguu yake ile hata kanisani alikuwa ameacha kwenda. Popo alimpima mabega kwa kamba, polepole, na bibi akamshika mkono, hakutaka kuuachia.

Waliongea kwa sauti ya chini. Fundi akiingia, walimuuliza habari za kazi.

Harufu ya siki iliingia mpaka kwenye mito. Kamba za uani zilijaa nguo nyeusi, na upepo ukivuma zilijaa matumbo kama zina watu. Fundi alianza kula kidogo. Kitandani alisikia cherehani ikitembea, ikisimama, ikitembea tena.

"Unawafanyia nini ndugu zako?" aliuliza hatimaye.

"Nawashonea."

"Kuna sherehe?"

"Zikikamilika utajua."

Alijaribu kutania. "Mbona mimi hunishonei?"

Popo alimkagua kuanzia kichwani mpaka vidoleni, kama fundi anayekadiria kitambaa kwa jicho.

"Wewe haitakufaa, Baba."

Jumapili, jua likiwa la utosi, geti liligongwa. Waliingia mmoja mmoja: mama mdogo na mikono ya lesi, bibi na gauni lake jeusi, binamu na kola zao za mahameli, mjomba na shati ambalo halikuwa jeupe tena. Hakuna aliyekaa. Mjomba, aliyeingia wa mwisho, alifunga geti na kuliegemea.

Popo akatoka chumbani, gauni likiburuzika chini, akasimama katikati yao.

"Makubwa!" Fundi alicheka, akitafuta wa kucheka naye. "Mtindo umewaingia ukoo mzima?"

Bibi alisogea mbele, ameshikwa mkono na mjukuu wake.

"Mkwe wangu," alisema kwa upole, "tumekuja kumzika mwanangu. Tuonyeshe ulikomweka."