Mkandaji kutoka Bondeni

Kitendawili: hana miguu, lakini huingia nyumbani kabla yangu. Ni mtaa wangu. Siku hizi kila mlango hutangaza mgeni anakaa wapi.

Nilikwenda kumwona mjukuu wangu Shemsa, aliyejifungulia kwa wakwe zake. Mlango ukasema, "Bondeni." Sebuleni wanawake wakavuta mikoba yao karibu, kama wafanyavyo watu wakisikia mtaa wetu wa mabanda.

"Nani huyu?" mama mkwe wake akamuuliza Shemsa.

Mjukuu wangu akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwa nini sikualikwa harusini.

Nikawahi kujibu. "Mkandaji. Nimekuja kumkanda mzazi." Uso uliniwaka kwa aibu.

Tulipobaki wawili chumbani, nikachovya kitambaa kwenye maji ya moto, nikamkanda tumbo. "Wameshatoka, mjukuu wangu," nikamnong'oneza.

Hakunitazama.

"Maji yamepoa, mkandaji," akasema.